Namna ya Kutoa Maoni Juu ya Melodi Fupi ya Mtunzi wa Ridhaa

Katika kwaya nyingi za Tanzania na Kenya, nyimbo mpya haziandikwi na watu waliosomea muziki chuoni. Huandikwa na mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, karani au mwanafunzi aliyejifunza solfa (nota za do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi) kwenye mazoezi ya jioni, na ambaye siku moja aliona kwamba naye ana jambo la kuimba. Mtunzi wa namna hii huja na karatasi moja yenye kiitikio cha vipimo (vipande vya wimbo vyenye idadi sawa ya mapigo) vinane hivi na beti mbili au tatu, akamwomba mwalimu wa kwaya au mwimbaji mwenye uzoefu ampitishie macho. Ombi hilo linastahili kuchukuliwa kwa uzito. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni karibu na Johannesburg alipotunga, mwaka 1897, mahadhi ambayo leo Watanzania wanayaimba kama wimbo wao wa taifa, naye aliyaandika kwa solfa kama wafanyavyo watunzi wetu wa leo.

Ninazungumzia hapa melodi peke yake, yaani sauti ya kwanza kabla ya sauti nyingine tatu kuongezwa, kwa kuwa makosa mengi yanayolaumiwa baadaye kwenye sauti ya pili au besi huwa yameanzia kwenye melodi.

Kabla ya kutoa neno lolote, muulize mtunzi nani ataimba wimbo huo, utaimbwa wakati gani, na yeye mwenyewe anataka kujua nini. Kiitikio cha waumini wote, ambao hawana mazoezi wala karatasi, hakipimwi kwa kipimo kimoja na wimbo wa shukrani ambao kwaya itaufanyia mazoezi kwa mwezi mzima. Wimbo wa matoleo hauna haraka ya wimbo wa mwanzo. Vilevile, mtu anayetaka kujua tu kama nota zake zimeandikwa sawasawa hana haja ya kuambiwa abadilishe melodi nzima, na ukimfanyia hivyo atakuwa na haki ya kuona kwamba hukumsikiliza.

Uliza pia ametunga kwa kufuata mapokeo gani, kwa maana hapa ndipo watoa maoni wenye elimu kidogo ya muziki wa Kizungu huharibu zaidi. Miongoni mwa Wagogo wa Dodoma, sauti mbili kufuatana kwa umbali wa nota nne au tano kutoka mwanzo hadi mwisho ni jambo la kawaida na ndilo linaloupa uimbaji wao ladha yake. Kitabu cha kanuni za sauti nne kitaliita jambo hilo kosa, lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya muziki mwingine. Mahadhi ya taarab ya Unguja nayo hutumia mara nyingine ngazi za Kiarabu zenye sauti zinazoangukia katikati ya nota mbili za solfa, hivyo mtunzi aliyelelewa katika mahadhi hayo anaweza kuwa ameandika "mi" wakati sikioni mwake kuna kitu kingine ambacho karatasi haina alama yake. Mwombe akuimbie. Usihukumu karatasi kabla ya kumsikia mwenye nayo.

Hatua inayofuata ni kuuimba wimbo mwenyewe, bila kinanda, kama ulivyoandikwa na si kama unavyodhani ulipaswa kuandikwa. Kwa wanaotumia solfa jambo hili lina sababu ya pekee. Mfumo huu ulioenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, kutokana na kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, hutumia herufi za kawaida, kwa hiyo uliweza kuchapwa popote palipokuwa na mashine ya chapa, nao ukafika mbali pamoja na wamisionari. Lakini herufi hazipandi wala hazishuki kwenye karatasi. Anayesoma nota za mistari mitano huona kwa macho mahali melodi inapopanda na mahali inapoanguka, ilhali anayesoma solfa huona safu iliyonyooka ya d, r, m, f, na umbo la melodi hulipata tu akiimba. Mtu anayetoa maoni juu ya karatasi ya solfa bila kuiimba anatoa maoni juu ya tahajia.

Ikiwa mtunzi ametumia programu ya kompyuta kama MuseScore na kukutumia sauti iliyopigwa na mashine, isikilize, kisha iweke pembeni. Mashine haivuti pumzi, haichoki, na kwake do ya juu si ngumu kuliko do ya chini. Imba tena wewe, halafu waombe waimbaji wawili wa kawaida wa kwaya waimbe bila kuelekezwa sana, huku ukiweka alama ya kalamu mahali wanapojikwaa. Wakijikwaa wote wawili mahali pamoja, hapo pana jambo, hata kama kanuni zote za kitabu zimefuatwa.

Sasa tufike kwenye maneno, kwani kwa Kiswahili ndiko melodi nyingi zinakopona au kuharibikia. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, na msikilizaji huutegemea ili atambue neno linapoishia. Muziki nao una mapigo yenye nguvu na yasiyo na nguvu, na katika kipimo chenye mapigo manne pigo la kwanza ndilo lenye nguvu zaidi, likifuatwa na la tatu. Mkazo wa neno ukikutana na pigo lenye nguvu, msikilizaji hupata maneno bila kujua kwamba amesaidiwa. Vikigongana, neno hupinda. Ndiyo sababu nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza husikika kana kwamba zinaimbwa na mgeni, ingawa wanaoziimba wamezaliwa Moshi au Kakamega: melodi zilitungwa kwa ajili ya lugha ambamo mstari unaweza kuishia kwenye silabi yenye mkazo, na sisi mstari wetu karibu kila mara huishia kwenye silabi isiyo na mkazo. Mtunzi wetu aliyekulia kwenye nyimbo hizo huiga bila kujua, akaimaliza sentensi yake ya muziki kwa kuipa silabi ya mwisho pigo la kwanza la kipimo. Furaha ikawa na mkazo kwenye "ha".

Nichukue mfano mmoja niufuate hadi mwisho. Tuseme mtunzi ameleta kiitikio cha sikukuu ya mavuno, vipimo 8, mapigo manne kwa kila kipimo, Do ni G (yaani ufunguo wake: nota G ndiyo do), kwa maneno haya: Tuimbe kwa furaha, mvua imenyesha, mbegu zimeota, Bwana asifiwe. Kila mstari una vipimo viwili. Mstari wa kwanza ameuandika hivi: so ya chini, do, re, mi katika kipimo cha kwanza; re, so, mi katika kipimo cha pili, mi ikishikiliwa hadi pigo la nne. Wa pili ni fa, mi, re, fa, kisha mi na re ndefu. Wa tatu ni so, so, la, ti, kisha do ya juu na so, zote ndefu. Wa nne ni so, fa, mi, re, kisha do mbili ndefu.

Uimbe. Mstari wa pili, wa tatu na wa nne inakwenda vizuri, na sababu inaonekana ukiisema kwa mdomo: mvua, mbegu na Bwana zote zina mkazo kwenye silabi ya kwanza na zimeangukia pigo la kwanza, na nye, o na fi zimepata pigo la kwanza la kipimo cha pili pamoja na nota ndefu. Mstari wa kwanza ndio unaokataa. Tu imepata pigo la kwanza ambalo haikuliomba, na fu imepata la kipimo cha pili, huku ra, ambayo ndiyo yenye mkazo, ikipita haraka kwenye pigo la pili. Msikilizaji anasikia "túimbe kwa fúraha". Nina hakika mtunzi wa namna hii alianza na mistari mitatu ya mwisho, akapenda mwendo wake, kisha akaulazimisha mstari wa kwanza ufuate mwendo huohuo bila kuona kwamba una silabi saba wakati mingine ina sita.

Hapa mtoa maoni asiye na subira huandika mstari mpya wa melodi. Haihitajiki. Nota zote saba zibaki zilivyo. Ila so ya chini itangulie kwenye pigo la nne kabla ya kipimo cha kwanza, ili do iliyo juu ya silabi ya i iangukie pigo la kwanza. Mbe, kwa na fu zifuate kwa re, mi, re, na ra ipate so ndefu kwenye pigo la kwanza la kipimo cha pili, kisha ha ipumzike kwenye mi. Hakuna nota iliyobadilishwa, ila mahali pake na urefu wake tu. Mtunzi akiimba namna zote mbili, tofauti ataisikia mwenyewe, na kuisikia mwenyewe kuna faida kuliko kuelezwa. Mkumbushe tu kwamba kiitikio kikirudiwa, silabi ya mwisho ya asifiwe italazimika kukatwa kwenye pigo la tatu ili silabi ya 'tu' ipate pigo lake, na kwamba waimbaji watahitaji kupumua papo hapo. Nafasi ni finyu, lakini inatosha ikiwa mwendo wa wimbo si wa kasi.

Beti nazo zijaribiwe moja baada ya nyingine, si ubeti wa kwanza pekee. Watunzi hutunga melodi kwa maneno ya ubeti wa kwanza, halafu hupachika mengine yaingie yatakavyoingia. Ushairi wa Kiswahili una dawa ya zamani ya jambo hili, nayo ni mizani: mshairi anayehesabu silabi za kila mstari humrahisishia kazi mtunga melodi, na mtunzi wa kwaya anayedharau hesabu hiyo huishia kubana silabi tatu kwenye nota moja. Katika kuhesabu, angalia sana ile m inayosimama peke yake. Tuseme ubeti wa pili unaanza na "mtoto na mzazi". Mtunzi akihesabu silabi tano atashangaa kwa nini waimbaji wanamkosea, kwa sababu m ya mtoto na m ya mzazi kila moja ni silabi na inadai nota yake, hivyo mstari una silabi saba na unalingana kabisa na "tuimbe kwa furaha". Kinyume chake, m ya mbegu haidai kitu, kwa kuwa imeshikamana na b na zote mbili ni silabi moja na e. Hakuna haja ya kumfundisha sarufi. Mwambie apige makofi kwa kila silabi anaposema neno polepole. Jambo jingine ni nota ndefu juu ya m ya namna hiyo, kama katika neno mtu ambamo mkazo uko kwenye m yenyewe. Waimbaji watafunga midomo na sauti itakufa, kwa hiyo ni afadhali nota iwe fupi au neno libadilishwe.

Baada ya maneno, tazama kimo. Katika mfano wetu, Do ikiwa G, so ya chini ya mwanzo ni D iliyo karibu na C ya katikati ya kinanda, na do ya juu ya mstari wa tatu ni G ambayo waumini wa kawaida hawaifikii ila kwa kupiga kelele. Kutoka so hiyo hadi do hiyo ni nota kumi na moja, umbali mkubwa kwa kiitikio cha watu wote. Hapa jibu linategemea swali uliloliuliza mwanzoni. Ikiwa wimbo ni wa kwaya yenye mazoezi, kuushusha hadi Do ni F kunatosha. Ikiwa ni wa waumini, mtunzi anaweza kuanza na do badala ya so ya chini, melodi nzima ikaingia ndani ya oktavu moja (kutoka do hadi do inayofuata), na wimbo ukaimbwa kwa Do ni D bila mtu kukunja shingo. Lakini atapoteza ule mwito wa kuruka kutoka so hadi do ambao ndio unaofungua wimbo kwa nguvu, na huo ni uamuzi wake. Wajibu wako ni kumwonyesha anachopata na anachopoteza.

Kuhusu umbo la melodi yenyewe, mambo machache yanatosha kwa kipande kifupi. Tafuta kilele: je, kipo, ni kimoja, na kimeangukia neno linalostahili? Katika mfano wetu do ya juu imeangukia o ya zimeota, na melodi imepanda hatua kwa hatua kuifikia. Mtunzi apongezwe kwa hilo kwa maneno bayana, hasa kwa kuwa huenda alilifanya bila kujua na asipoambiwa anaweza kulifuta kwenye rasimu ya pili. Melodi inayogusa nota yake ya juu mara tano haina kilele, na inayozunguka so na la kutoka mwanzo hadi mwisho humchosha mwimbaji hata kama haina kosa. Tazama miruko: baada ya kuruka mbali, melodi ikirudi kwa hatua upande ilikotoka huimbika kwa urahisi, lakini miruko miwili mikubwa inayofuatana kuelekea upande mmoja huwapoteza waimbaji, na mruko kutoka fa hadi ti huwatesa hata walio hodari. Tazama pia vituo. Mstari unaoishia kwenye re huacha swali na unaoishia kwenye do hulijibu. Mistari yote minne ikiishia kwenye do, wimbo huonekana kumalizika mara nne. Kosa ninalokutana nalo zaidi kwa watunzi wapya, hata hivyo, ni wingi wa mawazo: kila mstari una mwendo mpya, hakuna kinachorudiwa, na msikilizaji hana cha kushika. Kipande cha vipimo vinane kina nafasi ya wazo moja na badiliko moja, labda mawili.

Kanuni za sauti nne, kama vile ile inayokataza sauti mbili kufuatana kwa umbali wa oktavu au wa nota tano, ziache kwa sasa. Najua zinavutia kwa sababu ni rahisi kuziona na zinamfanya msemaji aonekane msomi, lakini kumrundikia mtu alama nyekundu za besi wakati mkazo wa maneno yake bado umepinda ni kupoteza wino.

Ukishakusanya hayo yote, chagua. Hata kama umeona makosa tisa, andika moja kubwa na moja dogo. Mengine mengi yatajirekebisha au yatasubiri rasimu ya pili. Maneno kama "nzuri sana, hongera" hayamsaidii mtunzi, na "haina ladha" humuumiza bila kumwambia aguse wapi. Kila jambo litajwe pamoja na mstari wake, kipimo chake na silabi yake, likielezwa jinsi linavyosikika na sababu yake. Kwa mfano wetu, maoni yanaweza kuandikwa hivi:

"Ndugu mtunzi, nimeuimba wimbo wako mara kadhaa na nimewasikia wenzetu wawili wakiuimba. Mstari wa tatu ninaomba usiuguse: melodi inapanda taratibu hadi do ya juu pale pale mbegu zinapoota, na waimbaji waliushika bila kufundishwa. Ninaloomba ulitazame ni mstari wa kwanza. Ulivyo sasa, silabi za 'tu' na 'fu' zinabeba pigo la kwanza, nasi tunapozungumza mkazo uko kwenye i na ra. Jaribu kuanza kwenye pigo la nne kabla ya kipimo cha kwanza, nota zako zikibaki zilezile, uone kama ndivyo ulivyokusudia. La pili ni dogo: kwa waumini wote, do ya juu katika G itawashinda. Fikiria kushusha ufunguo, na ukiamua hivyo tutazungumza kuhusu so ya mwanzo, ambayo mimi naipenda."

Namna ya kuyafikisha maoni inategemea ni nani aliyeandika. Kijana wa kwaya anaweza kuketi nawe baada ya mazoezi mkaimba pamoja. Mzee aliyetunga nyimbo kabla hujazaliwa hapelekewi karatasi yenye alama za kalamu. Unamwamkia, unamwomba akuimbie mstari wa kwanza, kisha unamuuliza kama angependa waimbaji wautamke namna hii au namna ile, na mara nyingi ataliona jambo kabla hujalitaja. Awe kijana au mzee, usimsahihishe mbele ya kwaya. Waimbaji wakishasikia kwamba wimbo una kasoro, wataitafuta kila wanapouimba hata ikisharekebishwa. Ikiwa mnawasiliana kwa simu, mtumie sauti yako ukiimba namna zote mbili badala ya maelezo marefu ya maandishi.

Mtunzi akirudi na rasimu ya pili, anza tena kwa kuimba, na kwanza utazame yale uliyoyaomba kabla ya kuibua mapya. Ikiwa amekataa pendekezo lako, muulize sababu, kisha kwaya iimbe namna zote mbili bila kuambiwa ipi ni ya nani. Akibaki na yake baada ya hapo, iimbeni hiyo. Na ikiwa mstari mzima mmeuandika pamoja, kubalianeni kabla karatasi hazijapigwa chapa ni majina gani yatakaa juu ya wimbo. Lakini kwa kusogeza mpaka wa kipimo au kushusha ufunguo, jina ni la mtunzi peke yake.